Tuliwachagua Ninyi, Hatukuchagua Kila Mswada

Kwa Waheshimiwa Wabunge wa Bunge la Kitaifa, na kwa Mheshimiwa Rais wa Jamhuri ya Kenya.

Nawasalimu kwa heshima kutoka Kisauni, Mombasa.

Usiku wa tarehe 9 Agosti 2022 nilikuwa karani wa uchaguzi katika shule moja ya msingi huku kwetu. Kituo kilifungwa saa kumi na moja jioni, waliokuwa bado kwenye foleni wakamalizwa, ndipo tukaunganisha madawati ya watoto na kumimina juu yake karatasi za urais. Msimamizi wa kituo alikuwa akiinua moja moja, anawageuzia mawakala waione, anataja jina, anaiweka kwenye fungu lake. Kazi hiyo ina mdundo wake. Ukishakaa nayo saa nzima unaweza kufumba macho ukajua ni fungu gani linapanda. Kisha mdundo ukakatika. Msimamizi alikuwa ameshika karatasi, yu kimya. Alama ilikuwa imewekwa vizuri ndani ya kisanduku cha mgombea mmoja, na pembeni mtu ameandika kwa kalamu maneno matatu: Unga. Karo. Maji.

Mawakala wakasogea. Mmoja alisema alama ni safi, ihesabiwe. Mwingine akasema mwandiko ule unaweza kumtambulisha aliyepiga, na sheria hairuhusu. Huyu wa pili ndiye aliyekuwa na haki. Karatasi ikatiwa alama ya kukataliwa, ikaingia kwenye bahasha yake. Katika chumba kile, usiku ule, hiyo ndiyo karatasi pekee iliyoeleza mpiga kura anataka afanyiwe nini, nayo haikuhesabiwa.

Siilaumu sheria hiyo. Siri ya kura ni kinga ya mnyonge, na mimi mwenyewe niliapa kuilinda. Nimeanza na kisa hiki kwa sababu ya jibu tulilolizoea kutoka kwenu kila tunapolalamikia mswada, ada au tozo: kwamba ninyi mlichaguliwa na wananchi, kwa hiyo mnalolifanya ndilo wananchi wanalolitaka. Nimelisikia redioni, nimelisikia matangani, nimelisikia kwenye baraza la chifu. Leo nataka kulijibu nikiwa mtu aliyezishika kura zenyewe kwa mikono yake.

Karatasi ya kura ina picha, jina, nembo ya chama na kisanduku. Basi. Mpiga kura wa Kenya hupewa karatasi sita: ya rais, gavana, seneta, mwakilishi wa wanawake, mbunge na mwakilishi wadi. Sisi wa Mombasa siku ile tulipiga tano tu, kwa kuwa karatasi za ugavana zilikuja na kasoro na uchaguzi huo ukasogezwa hadi tarehe 29, pamoja na wa wenzetu wa Kakamega. Ziwe sita ziwe tano, hakuna hata moja iliyouliza kama mkate utozwe kodi, kama mshahara ukatwe kwa ajili ya nyumba, au kama bima ya afya ibadilishwe. Mtu humchagua mtu, na humchagua kwa mambo mengi yaliyofungwa kwenye kitita kimoja: huyu ni wa kwetu, yule amechosha, huyu alitujengea darasa, yule alimtukana mzee wetu. Ukishatia alama huwezi kufungua kitita ukasema hili nalichukua na lile nalirudisha.

Jirani yangu huamka saa tisa usiku kukanda unga wa mahamri. Asubuhi anauza mahamri na mbaazi, jioni viazi karai na bajia. Mwaka 2022 aliipigia wilbaro, nembo ya chama cha Rais, na hakuficha, ingawa mtaa karibu wote ulikuwa upande wa pili. Aliamini kwamba safari hii mchuuzi atakopesheka bila kunyanyaswa. Miaka miwili baadaye Mswada wa Fedha ulikuja na pendekezo la ushuru wa asilimia 25 kwenye mafuta ya kupikia. Mwanamke huyu anajua karai moja la viazi linakunywa mafuta kiasi gani na dumu la lita 20 linamkalisha siku ngapi. Alipiga hesabu yake kwa kipande cha mkaa kwenye ukuta wa jiko, na mpaka leo haijafutika. Nilimuuliza kama anaijutia kura yake. Hakuijutia. "Mimi nilimpa kazi," aliniambia, "sikumpa mafuta yangu."

Waheshimiwa, jambo hilo si geni katika nchi hii. Desemba 2002 Mwai Kibaki alichaguliwa kwa asilimia 62 hivi ya kura, na mliokuwapo mnakumbuka furaha ya siku zile. Novemba 2005 serikali yake ilipeleka rasimu ya katiba kwenye kura ya maoni. Ndizi ilikuwa alama ya kukubali, chungwa la kukataa. Chungwa likashinda kwa asilimia 58 hivi. Nchi ni ileile, wapiga kura kwa sehemu kubwa ni walewale, na haikutimia miaka mitatu. Mwaka 2002 waliulizwa kuhusu mtu wakajibu. Mwaka 2005 waliulizwa kuhusu jambo, wakajibu vingine kabisa.

Mheshimiwa Rais, mfano wa pili unaujua kuliko mimi, maana ulikuwamo. Katika kura ya maoni ya tarehe 4 Agosti 2010 ulikuwa mstari wa mbele upande wa Hapana, ule wa rangi nyekundu. Ndiyo, ya kijani, ilipata kura zaidi ya milioni 6. Hapana ilipata milioni 2.8 hivi. Miaka 12 baadaye uliwania urais chini ya katiba ileile uliyoipinga, na watu wa Mlima Kenya, ambao walikuwa wamesema Ndiyo kwa wingi mkubwa, wakakupa kura zilizokuvusha. Je, walikuwa wameichukia katiba yao? Hasha. Walikutaka wewe na waliitaka katiba, vyote viwili, wala hawakuona shida. Kama kumpigia mtu kura kungekuwa ni kukubaliana na kila msimamo wake, wewe usingekuwa Ikulu leo.

Nitazitaja pia hesabu za 2022. Sizitaji kwa nia ya kumwondolea mtu ushindi wake. Walioandikishwa walikuwa 22,120,458. Wewe ulipata kura 7,176,141, marehemu Raila Odinga akapata 6,942,930. Tofauti yenu haifiki laki mbili na nusu. Watu zaidi ya milioni 7 na nusu walioandikishwa hawakufika vituoni kabisa. Ukigawanya, mshindi alipigiwa na takriban mtu mmoja kati ya kila watatu waliokuwa kwenye sajili. Ushindi huo ni halali. Mahakama ya Juu iliuthibitisha tarehe 5 Septemba 2022, na Fomu 34A, ile ya matokeo ya urais ya chumba chetu, niliiona ikibandikwa mlangoni. Lakini kukabidhiwa chombo ni kitu kimoja, na kujua abiria wanakwenda wapi ni kitu kingine, na hicho cha pili hakimo kwenye Fomu 34A.

Najua wanavyojibiwa hao wasiopiga: hamkujitokeza, basi nyamazeni. Mimi ni karani, niliumia kuona jina baada ya jina kwenye sajili halijaguswa. Hata hivyo Katiba, katika kifungu chake cha 1, inasema mamlaka yote ni ya wananchi. Haikusema ni ya waliopaka kidole wino. Kijana wa miaka 17 hana kura, lakini mkate anakula, matatu anapanda, na data ya simu anainunua kwa kodi ileile ninayolipa mimi.

Sasa nije kwenye Juni 2024, na hapa mniwie radhi kama nitakaa kidogo.

Mswada wa Fedha wa mwaka ule ulitaka mkate utozwe VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 16, gari litozwe asilimia 2.5 ya thamani yake kila mwaka, na mafuta ya kupikia yapandishiwe ushuru, pamoja na ada ya mazingira kwenye bidhaa chungu nzima. Tangu Mei watu walisema hapana. Walisema kwenye vikao, wakaandika kwa kamati, wakapiga simu za wabunge mpaka zikazimwa. Tarehe 18 Juni mkatangaza kuondoa mkate, gari na mafuta ya kupikia. Nawapa haki yenu kwa hilo. Jirani yangu alishangilia mbele ya karai lake, mimi nikiwapo. Ila mswada wenyewe ukaendelea. Tarehe 20 ukavuka hatua ya pili kwa kura 204 dhidi ya 115. Tarehe 25 mchana mkaupitisha, 195 dhidi ya 106. Barabara za nje zilikuwa zimejaa watu, si Nairobi pekee. Mombasa zilijaa, Kisumu, Eldoret, Nyeri, mpaka miji midogo ambayo haijawahi kuona maandamano.

Kuna methali mnayoipenda sana bungeni: wengi wape. Siku ile ni wengi gani waliopewa? Ukihesabu ndani ya ukumbi, ni 195. Ukifungua dirisha, hesabu inageuka.

Yaliyofuata mnayajua. Watu waliingia bungeni, sehemu ya jengo ikawaka moto, risasi zikalia. Kufikia tarehe 1 Julai Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ilikuwa imehesabu watu 39 waliokufa. Tarehe 26 Juni, Mheshimiwa Rais, ulitokea kwenye televisheni ukasema umewasikia Wakenya, hawautaki mswada huu, na hutautia saini.

Nimelifikiria tangazo lile mara nyingi. Kati ya tarehe 25 na tarehe 26 hapakufanyika uchaguzi wowote. Wabunge walikuwa walewale, Rais yuleyule, matokeo ya 2022 yaleyale. Maoni ya watu nayo yalikuwa yaleyale ya tangu Mei. Kilichobadilika ni idadi ya maiti.

Kijana aliyenisaidia kubeba madebe usiku ule wa Agosti alikuwa barabarani Juni, bendera mabegani, kitambaa kilicholowa siki puani kwa ajili ya vitoa machozi. Yeye si katika waliokaa nyumbani 2022. Alipiga kura. Tulikutana wiki moja baadaye kwenye kibanda cha simu anakofanya kazi. Aliniambia, bila kuinua macho kutoka kwenye simu aliyokuwa akiitengeneza: "Nilisimama saa tano kwenye foleni, nikasimama saa tano tena barabarani. Hizi za pili ndizo zilizosikika." Sikuwa na la kumjibu. Mimi ndiye niliyekuwa nikienda nyumba kwa nyumba kuwaambia vijana waende wakajiandikishe.

Hata baada ya hapo hamkutuuliza. Julai ileile ada ya matengenezo ya barabara kwenye kila lita ya petroli na dizeli ilipanda kutoka shilingi 18 hadi 25. Desemba zikatiwa saini sheria mpya za kodi zilizorudisha baadhi ya yale yaliyokataliwa Juni. Na katikati ya hayo, vigogo wa chama kilichoongoza upinzani wakaapishwa kuwa mawaziri. Labda serikali pana ni jambo jema kwa amani, sina ugomvi na amani. Lakini wale 6,942,930 walikuwa wamepiga kura ili watu wale wasimame upande wa pili. Hakuna aliyerudi Kisauni kutuuliza kama tunakubali wavuke. Kwa hiyo hata ile kauli ya "mlituchagua" sasa haijulikani inamhusu nani. Aliyechagua serikali hakupata sera aliyoahidiwa, na aliyechagua upinzani hakubaki na upinzani.

Mtaniambia kwamba maoni ya watu nayo hayatawaliki, yanapingana. Ni kweli, nami nimeyaona. Mtu mmoja anaweza kusimama kwenye baraza akadai zahanati, barabara na maji, halafu akaketi, akasimama tena kukataa ada yoyote. Deni la nchi ni kubwa na lazima lilipwe, hilo nalijua. Kiongozi anaweza kufika mahali akalazimika kuamua kinyume cha wengi. Sikatai.

Lakini tazameni jirani zetu Tanzania walivyofanya. Mwaka 1991 serikali yao iliunda tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ikazunguka nchi kuuliza watu kama wanataka chama kimoja kiendelee au viingie vyama vingi. Takriban asilimia 80 walitaka kimoja. Tume ikapendekeza vyama vingi, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa. Viongozi walikwenda kinyume cha walio wengi, waziwazi. Ila walikuwa wameuliza, wakahesabu, wakaitoa hesabu hadharani, kisha wakaeleza kwa nini ile asilimia 20 si ya kupuuzwa, na kwamba hata miongoni mwa waliotaka chama kimoja wengi walidai kirekebishwe. Mtu anaweza kukubali sababu zile au kuzikataa, lakini zimewekwa mezani. Zaidi ya miaka 30 imepita na bado watu wanazitaja 80 na 20. Sasa nambieni, waheshimiwa: kwenye Mswada wa Fedha wa 2024, waliotoa maoni walikuwa ngapi kwa ngapi? Kifungu cha mkate, ngapi kwa ngapi? Ada ya mazingira?

Nitawaeleza kwa nini nadhani hesabu hiyo haipo. Ofisi moja ya umma, ambayo sitaitaja, iliitisha kikao cha kukusanya maoni kuhusu mapendekezo ya kodi, nami nikaenda. Tuliambiwa saa tatu, kikaanza saa tano. Nakala za waraka zilikuwa chache, tukawa tunachungulia watu sita kwenye moja, na zote kwa Kiingereza cha mawakili. Kila msemaji alipewa dakika mbili. Mlangoni palikuwa na daftari lenye safu nne: jina, nambari ya kitambulisho, simu, sahihi. Hapakuwa na safu ya kuandika unakubali au unakataa. Nilisimama nikalitazama lile daftari, nikaikumbuka karatasi ya Unga, Karo, Maji.

Mzee mmoja mvuvi, kofia yake ya kiua imekunjwa mkononi, alinyanyuka akauliza swali ambalo lilistahili siku nzima. Alikuwa amesikia kwamba baadhi ya bidhaa zitatolewa kwenye orodha ya kutozwa asilimia sifuri na kuingizwa kwenye orodha ya zilizosamehewa kodi. "Sifuri si sifuri?" aliuliza. "Na msamaha si msamaha? Tofauti yake ni nini kwangu mimi?" Afisa aliyekuwa mbele akamjibu kwamba yote mawili maana yake hakuna kodi, aketi mwingine azungumze.

Jibu hilo halikuwa sahihi. Bidhaa ya asilimia sifuri, mtengenezaji hurudishiwa VAT aliyoilipa kwenye malighafi, umeme na usafirishaji. Bidhaa iliyosamehewa, harudishiwi. Basi ile kodi aliyoimeza anaitia ndani ya bei, na anayeilipa mwisho ni mnunuzi, ingawa kwenye risiti hakuna mahali palipoandikwa kodi. Mzee alikuwa ameugusa mfupa wenyewe wa pendekezo, akaambiwa aketi. Mwanasheria mmoja kijana alimweleza baadaye uani, wakiwa wameketi juu ya kreti za soda. Mzee alisikiliza hadi mwisho, akasema: "Basi mimi napinga. Nimwambie nani?" Wenye daftari walikuwa wameshaondoka. Jina lake limo, kama mtu aliyeshirikishwa.

Ndiyo maana naomba, na ninaomba mambo yanayowezekana.

Katiba, kifungu cha 118, inawataka mshirikishe umma, na kifungu cha 7 kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa na ni lugha rasmi pia. Kila mswada unaogusa mfuko wa mtu uje na muhtasari wake kwa Kiswahili ambacho mvuvi yule anakielewa, kurasa nne au tano, ukieleza nini kinapanda, nani analipa, na pesa zinakwenda wapi. Walimu wa Kiswahili wenye uwezo wa kuiandika kazi hiyo mnao katika kila kaunti.

Kisha mhesabu. Daftari liwe na safu ya tano. Kamati inaporudi bungeni, iseme kifungu hiki kiliungwa mkono na wangapi, kilipingwa na wangapi, na tulipoamua kinyume chao, sababu yetu ni hii. Najua mwaka 2024 Mahakama ya Rufaa, ilipobatilisha Sheria ya Fedha ya 2023 tarehe 31 Julai, ilisema Bunge linapaswa kutoa sababu za kukubali au kukataa maoni ya umma, na najua Mahakama ya Juu iliutengua uamuzi huo tarehe 29 Oktoba. Basi sisimami mahakamani. Nasimama mlangoni kwenu nikiomba mfanye kwa hiari jambo ambalo sheria haiwakatazi. Anayepingwa akiambiwa sababu anaweza kukasirika, lakini anarudi nyumbani akijua alisikilizwa. Anayepingwa bila kuambiwa lolote anabaki na barabara tu.

Mbunge naye aje nyumbani kabla ya kura. Asije kwa michango ya harambee. Aje aketi, aseme nakusudia kupiga kura hivi kwenye mswada huu kwa sababu hizi, nambieni. Akishasikia, akapiga vingine, sawa, ni mwakilishi, ana akili yake. Arudi aeleze. Mwaka 2024 tulilazimika kuyasaka majina ya wale 195 kwenye picha za skrini zilizozungushwa usiku kwenye simu, huku wengine wakikana kwamba walikuwamo ukumbini.

Na lipo la kifungu cha 104, haki ya wapiga kura kumrudisha mbunge nyumbani kabla ya muda wake kwisha. Sheria ya kuitekeleza mliitunga ninyi, Mahakama Kuu mwaka 2017 ikakuta baadhi ya sehemu zake zinakwenda kinyume cha Katiba, na tangu Katiba ianze kufanya kazi hakuna mbunge hata mmoja aliyerudishwa kwa njia hiyo. Irekebisheni iwe haki inayotumika. Najua naomba mtu ajinolee kisu mwenyewe. Naomba hata hivyo, kwa sababu haki ambayo mtu hawezi kuitumia kati ya uchaguzi na uchaguzi inamwacha na miaka mitano ya kungoja, na mwaka 2024 tuliona kungoja huko kunavyoishia.

Mheshimiwa Rais, kwako nina ombi moja. Ulipokataa kutia saini mwaka ule ulionyesha kwamba Ikulu inaweza kusikia. Naomba isikie mapema zaidi. Mswada wa fedha huletwa kila mwaka kabla ya Juni. Maoni ya watu huwa yameshajulikana kabla wino haujakauka, kwa anayeyatafuta. Yatafuteni Aprili.

Tarehe 10 Agosti 2027, nikipewa kazi tena, nitakuwa kwenye madawati yale ya watoto. Nikikuta karatasi iliyoandikwa pembeni nitaitoa kando kama tulivyofanya, kwa sababu nimeapa. Nakala ya barua hii nitaipeleka kwa mkono wiki hii katika ofisi ya mbunge wangu. Chini yake nimeandika swali la mzee, kwa maneno yake mwenyewe, kuhusu sifuri na msamaha, na jibu lake: anapinga.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mpiga kura na karani wa uchaguzi,
Kisauni, Mombasa